Aliyebisha Hodi Alfajiri

 Juma hili naomba ruhusa nianze na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa jambo ninalotaka kuzungumza nanyi sikujifunza madrasani wala mimbarini. Nilijifunza mlangoni pangu.

Yapata miaka 14 iliyopita, adhana ya alfajiri ilikuwa imekwisha kuadhiniwa nami natafuta makubadhi yangu gizani, maana umeme ulikuwa umekatika. Nikasikia hodi. Nilipofungua nilimkuta mama mmoja wa mtaa wetu, mtoto mchanga mgongoni, na mwingine wa kike, umri wake kama miaka 7, ameshika pindo la leso. Buibui alikuwa amelivaa ndani nje. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, wa pili hauna. Mkono wake wa kushoto ameubana kifuani kama mtu aliyebeba yai.

Mumewe nilimjua vyema. Akiswali safu ya pili msikitini kwetu, mwepesi wa kuchangia futari za Ramadhani, na utotoni alisoma Juzuu Amma kwangu. Nilimkaribisha mama yule ndani, mke wangu akampa chai, nami nikaenda kuswali. Baada ya swala nilimvuta mumewe kando, pale pale msikitini, nikamwambia: mkeo yuko kwangu, njoo alasiri tuzungumze. Leo nikilikumbuka jambo hilo moja jasho hunitoka. Mtu amekimbia usiku, na mimi nikaenda kumwambia aliyemkimbiza mahali alipo.

Alasiri tulikaa barazani kwangu: mimi, mume, ami yake mume, na kaka yake mke. Mama yule aliketi ndani nyuma ya pazia. Mume alilia. Machozi yale yalituridhisha sisi wanaume wote tuliokuwapo. Ami yake akasema kijana ana dhiki za kazi, kaka yake mke akasema dada yake naye ana mdomo, mimi nikasoma aya ya mapenzi na huruma iliyomo katika Suratu Ar-Rum, kisha nikageukia pazia nikasema, “Mwanangu, sabiri. Watoto wataka baba.” Tukasoma Fatiha, tukanywa kahawa. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza mkono wake una nini.

Siku ya 19 baada ya sulhu ile nilipata habari kuwa yuko hospitali. Mkono umevunjika mahali pawili, na taya limepasuka. Nilikwenda kumzuru pamoja na mke wangu. Alinitazama kwa kitambo, kisha akasema kwa shida, “Maalim, mimi nilikuja kwako. Wewe ndiye uliyenirudisha.” Hakuongeza neno. Akaelekeza uso wake ukutani.

Usiku ule nilifungua Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho masheikh wetu wa pwani hii wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, nami nilikisoma nikiwa kijana na nikakisomesha. Nilikwenda kwenye maneno yahusuyo ugomvi wa mume na mke. Nilikuwa nimeyapita mara nyingi pasipo kusimama. Imam anaeleza kwamba mume akiwa na tabia mbaya, akamuudhi mkewe bila ya sababu, kadhi humkataza. Akirejea tena, kadhi humtia adabu. Na ikiwa kila mmoja anadai kwamba mwenzake ndiye mkosa, kadhi haketi kitako akawasuluhisha kwa kukisia. Hutafuta ukweli kwa mtu mwaminifu aijuaye hali yao, kisha humzuia aliye dhalimu. Baada ya hayo yote, mfarakano ukizidi kuwa mkali, ndipo hutumwa mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwamuzi kutoka kwa jamaa za mke, kama ilivyoagizwa katika aya ya 35 ya Suratu An-Nisaa.

Zingatieni mpangilio huo, ndugu zangu. Kwanza kukataza. Kisha kutia adabu. Kisha kuchunguza na kumzuia dhalimu. Waamuzi wawili huja mwisho. Sisi tumelishika jambo la mwisho tukalifanya la kwanza, na mara nyingi la pekee. Mwanamke anakuja damu inamtoka, nasi tunaita kikao, tunaweka buli la kahawa, na kumtaka kila mmoja asamehe “kwa upande wake”, kana kwamba waliokuja mbele yetu ni watu wawili waliokosana bei ya samaki. Mfarakano una pande mbili. Mtu kumvunja mwenzake mkono ni dhuluma, na dhuluma huzuiwa kabla ya kusuluhishwa.

Palikuwa na jambo jingine nililolijua tangu ujanani, na usiku ule likanirudia kwa sura mpya. Imam Malik katika Muwatta na Abu Daud katika Sunan wamepokea habari za Bi. Habiba bint Sahl (R.A.), mke wa Thabit bin Qays (R.A.). Mtume (S.A.W.) alitoka kwenda kuswalisha alfajiri, akamkuta mwanamke mlangoni pake gizani. Akamuuliza yeye ni nani. Akajitaja. Akamuuliza ana jambo gani. Akajibu kwamba yeye na Thabit hawawezi kuwa pamoja tena. Katika mapokezi mengine ya Abu Daud imeelezwa kwamba Thabit alikuwa amempiga hata akamvunja. Thabit alipofika, Mtume (S.A.W.) alimweleza kuwa huyu ni Habiba, na ameyasema aliyoyasema. Bibi akasema kila alichopewa na mumewe angali nacho. Thabit akaamrishwa akichukue, wakaachana, na Bi. Habiba akakaa kwa watu wake.

Niliyasoma hayo nikaona haya. Alfajiri kama ile, giza kama lile, mwanamke mlangoni. Mtume wetu (S.A.W.) aliuliza nani na jambo gani, akasikiliza. Hakumwambia kwanza nenda nyumbani ukasubiri. Hakumuuliza alimkosea nini mumewe hata akampiga. Na Thabit hakuwa mtu mdogo: alikuwa khatibu wa Answari, mwenye cheo mbele ya Mtume. Cheo hicho hakikuwa sababu ya kumrudisha mwanamke katika nyumba asiyoweza kukaa. Yazingatieni pia maneno ya mwisho wa habari hiyo, kwamba alikaa kwa watu wake. Walikuwapo watu wa kumpokea.

Msomaji mwerevu atauliza: kwa nini basi alirudisha alichopewa, na yeye ndiye aliyepigwa? Wanazuoni nao waliuliza. Imam Malik ameeleza katika Muwatta kwamba mwanamke aliyejikomboa kwa mali yake, kisha ikajulikana kuwa mumewe alikuwa akimdhuru na kumdhulumu, talaka hupita na mume hulazimishwa kumrudishia mali yake. Nayataja haya kwa sababu wako wanaume hapa kwetu wenye kutumia mateso kama mtego: humtesa mke hata aombe khului, wakapata kuachana naye na mahari mkononi. Allah ameikataza hila hiyo katika Suratu An-Nisaa, aya ya 19, alipokataza wanawake kubanwa ili wanyang’anywe baadhi ya walichopewa.

Sasa najua wako wanaosubiri niifikie aya ya 34 ya sura hiyo hiyo. Nitaifikia, maana sheikh anayelizungumzia jambo hili akairuka aya hiyo huwaachia watu wengine waifasiri kwa ngumi. Ndiyo, neno la kupiga limo katika aya, mwisho wa hatua tatu, baada ya mawaidha na kutengana malazi, katika nushuzi ya mke. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameliwekea mipaka mizito: si usoni, si mahali pa hatari, pasijeruhiwe wala kuachwa alama, na kuacha ni bora zaidi. Ata bin Abi Rabah, mwanachuoni mkubwa wa Makka katika matabiina, alisema kuwa mume hampigi mkewe, humkasirikia tu. Na Mtume (S.A.W.), ambaye aya imeteremshwa kwake, Bi. Aisha (R.A.) ametueleza katika hadithi ya Muslim kwamba hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Wanawake walipozizunguka nyumba za Mtume (S.A.W.) kuwashtakia waume zao, aliwatangazia watu jambo hilo waziwazi, akasema kuwa waume hao si wabora wa watu.

Kwa hiyo mwanamume anayempiga mkewe teke, akamvuta nywele, akamchoma kwa pasi, akamkaba koo, kisha akaja kwangu na aya ya 34, humwambia kwamba hakuna fakihi hata mmoja aliyelihalalisha alilolifanya. Amekwisha kutoka katika aya, ameingia katika jinai. Kuhusu kukaba koo nataka nitue kidogo, akina mama wanisikie. Madaktari na wanaowahudumia waathiriwa wamelijua jambo hili kwa uzoefu mrefu: mume aliyewahi kumkaba mkewe koo ni katika wale wanaohofiwa mno kuja kuua. Huenda pasiwe na alama shingoni. Sauti ikikwaruza, au kumeza kukiwa na maumivu, nenda hospitali siku ile ile.

Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu uliofanywa nchini mwaka 2022, asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kupigwa au kujeruhiwa tangu walipofikia umri wa miaka 15. Hiyo ni zaidi ya mmoja katika kila watatu. Ijumaa ijayo mtakapoketi upande wa wanawake msikitini, hesabuni safu moja.

Na kupiga ni sehemu moja tu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani imetaja matusi na vitisho, kumwandama mtu kila aendako, kumnyima mtu riziki na kumzuia asichume, kumlazimisha mke kitendo cha ndoa, na hata wakwe kuingilia nyumba ya watu. (Akina mavyaa wasinichukie, sheria imesema, mimi nimepokea tu.) Nimepata kusikiliza shauri la mwanamke ambaye hajapigwa hata kofi moja. Mumewe hufunga mlango kwa kufuli kila asubuhi na kuondoka na ufunguo. Simu yake huikagua kila usiku. Mshahara wa mke huingia kwenye simu ya mume. Alipofiwa na shangazi yake hakuruhusiwa kwenda mazikoni. Jirani zake wakimwona ana bahati, maana mume hatoki ovyo. Siri ya mtungi iulize kata.

Hapo ndipo watu hunijia na swali lao: kama anateswa hivyo, mbona haondoki? Swali hilo tumelizoea mno hata hatuoni kwamba limemgeuza aliyeumizwa kuwa mshtakiwa. Anaondoka aende wapi? Kwa kaka yake, ambako vyumba ni viwili na wifi amekunja uso? Nauli hana, kitambulisho chake kimo kwenye kabati la mume, watoto wako chuoni, na ameambiwa kwamba akitoka atawasahau. Zaidi ya hayo yuko katika hofu ambayo ni ya kweli: wakati wa hatari kubwa kuliko zote ni pale mwanamke anapoondoka au anapotangaza kuwa ataondoka. Anayekaa si lazima awe mjinga. Pengine anapima hatari kwa mizani ambayo sisi wa nje hatuna. Na baada ya kipigo huja siku nzuri. Huja doti ya leso mpya, huja biriani la Ijumaa na kiapo cha Wallahi sirudii. Yeye anampenda mtu yule wa siku nzuri, na anatamani abaki.

Wengine husema ni dhiki, wengine husema ni muguka na unga. Sikatai kwamba vitu hivi vimeharibu vijana wetu. Lakini mtu huyo huyo akiwa amelewa hampigi tajiri wake kazini, wala hamvui kofia polisi. Anajizuia anapotaka. Hasira yake inajua njia ya kurudi nyumbani.

Basi afanye nini anayefungua mlango? Nitayasema niliyojifunza, na mengi nilifunzwa na mke wangu, ambaye baada ya kisa kile alinikataza kabisa kuwa wa kwanza kuongea na mwanamke anayekuja kwetu katika hali ile. Yeye humketisha ndani, humpa maji, huwapeleka watoto chumba kingine, kisha humwambia maneno mawili: “Nakusadiki. Hukukosea kuja.” Humwacha aseme kadiri apendavyo. Hamkatizi, wala hamuulizi sababu ya kupigwa. Humuuliza kama ameumia mahali pasipoonekana, na kama kurudi nyumbani usiku huo ni salama. Humuuliza anataka nini, kisha hunyamaza hata ajibiwe. Kumuamulia mtu aliyenyang’anywa uamuzi wake kwa miaka ni kumnyang’anya mara ya pili, hata ikiwa tuna nia njema. Akisema hataki kuondoka sasa, hatumkasirikii. Mlango hubaki wazi, maana wengi huondoka na kurudi mara kadhaa kabla ya kuondoka moja kwa moja.

Mume hatumpigii simu. Hatuendi kumkabili. Akija kuuliza, hatumwambii alipo.

Kisha ni hospitali, kabla ya kituo cha polisi ikiwa ameumia sana. Hospitali Kuu ya Pwani hapa Mombasa ina kituo maalumu kwa waathiriwa wa dhuluma za aina hii. Ikiwa ameingiliwa kwa nguvu, afike kabla ya saa 72 kupita ili apewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, na kadiri anavyowahi ndivyo dawa inavyofaa zaidi. Asioge kwanza, jambo gumu kwetu sisi tuliozoea kukimbilia josho, na nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi wala si wa plastiki, kwa kuwa plastiki huzivundisha na ushahidi ukaharibika. Kituoni aandikishwe katika kitabu cha matukio, apewe namba, na apewe fomu ya P3 ambayo daktari huijaza. Fomu hiyo haiuzwi. Vituo vingi vina dawati la jinsia, na ana haki ya kuomba ahudumiwe na askari wa kike. Nimewahi kufuatana na mama mmoja hadi kituo fulani, askari akamwambia mambo ya mume na mke yakamalizwe nyumbani. Tuliomba kuonana na mkubwa wake, tukaandikishwa. Mama yule angekwenda peke yake angerudi vile vile. Kwa hiyo asiende peke yake. Kumsindikiza ni sadaka kubwa kuliko nasaha. Na aliye mbali na msaada apige 1195, simu isiyolipiwa, usiku na mchana.

Kuna jambo linalowachanganya wengi wetu, nalo ni mahakama. Mahakama ya Kadhi, kwa kifungu cha 170 cha Katiba, husikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu. Huko ndiko mke huomba faskhi au khului, na hudai nafaka. Lakini Kadhi hamfungi mtu kwa kuvunja taya. Jinai hushtakiwa mahakama ya hakimu. Huko huko kwa hakimu, chini ya sheria ile ya 2015, mke anaweza kuomba amri ya ulinzi: mume asimkaribie, asimtishe, na akilazimu atoke katika nyumba hata kama nyumba ni yake. Amri ya muda huweza kutolewa kabla mume hajaitwa, na kuivunja ni kosa la jinai. Nimesikia wanaosema kwamba Mwislamu kwenda kwa hakimu ni kuikimbia sharia. Mimi nawajibu kwa Minhaj: kumzuia dhalimu na kumtia adabu ni kazi ya mwenye mamlaka, na katika nchi yetu mamlaka hayo yako kwa hakimu. Mahakama mbili hizi hazigombani. Mwanamke anaweza kuwa na kesi kote kuwili siku moja.

Anayejiandaa kimya kimya naye tumsaidie. Kitambulisho, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi zao za kliniki, pesa kidogo na namba za simu zilizoandikwa karatasini, vyote viwekwe kwa mtu anayeaminika. Nyumbani kwetu liko sanduku la bati la mke wangu. Mna nini ndani yake sijui, wala siulizi.

Wazazi wenzangu, binti yenu siku ya harusi mnamwambia nini? Somo anamfundisha kujifukiza udi na kumtii mumewe, mama anamwambia nyumba ya mume ndiyo kaburi lake. Mimi nimeoza mabinti wawili. Kila mmoja nilimwambia mbele ya mama yake kwamba chumba chake sikipangishi. Mmoja alicheka. Wa pili alilia, nami mpaka leo sijamuuliza kwa nini.

Watoto nao wanaona. Tunadhani wamelala. Mtoto wa kiume hujifunza, na wa kike hujifunza, kila mmoja fungu lake. Walimu wa vyuo wakimwona mtoto anashtuka akiguswa bega, au anasinzia kila asubuhi, wasikimbilie bakora. Na wako wanaume wanaoteswa na wake zao, ni wachache wanaosema kwa aibu; wakibisha hodi, mlango ni ule ule.

Limebaki suala la sitara. Tunaambiwa kuanika ya nyumbani ni kusengenya. Bi. Fatima bint Qays (R.A.) alipoposwa na watu wawili, Muawiya na Abu Jahm, alimwendea Mtume (S.A.W.) kutaka shauri. Mtume (S.A.W.) akamweleza kuwa Muawiya hana mali, na kuwa Abu Jahm fimbo haimtoki begani, katika mapokezi mengine imo wazi kuwa ni mpigaji wanawake. Akamshauri aolewe na Usama. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim, na Imam Nawawi ameihesabu kuwa dalili kwamba kutaja aibu ya mposaji kwa anayetaka ushauri si ghiba iliyoharamishwa. Kumficha mpigaji hakumsitiri mwanamke.

Mama yule wa alfajiri hakurudi tena kwa mumewe. Ilichukua karibu miaka miwili hata akapata faskhi kwa Kadhi, na mkono wake wa kushoto haunyooki sawasawa. Huuza mahamri na mbaazi asubuhi, watoto wamesoma. Alinisamehe lini sijui, wala hajasema kuwa amenisamehe, ila mwaka uliopita alinitumia ujumbe kwamba binti yake anaposwa, na kwamba anataka nimuulizie kijana. Ndiye binti yule aliyeshika pindo la leso.

Nikaulizia. Kijana ni mzuri wa sura, ana kazi bandarini, hakosi Ijumaa. Alikuwa ameoa kabla, miezi 8, akaacha. Nilikwenda hadi Malindi kuonana na wazazi wa yule mke wa kwanza. Mama yake hakusema mengi. Alimwita binti ukumbini, akamwambia anionyeshe sikio lake.

Nilirudi nikayasema niliyoyaona, mbele ya mama na binti, wala sikupunguza. Posa ilirudishwa pamoja na kishika uchumba chake. Ami yake kijana yule ni jirani yangu, na tunaswali safu moja. Tangu siku ile hajaniitikia salamu. Mimi naendelea kumtolea.